Mzazi mwenzangu anaolewa, na binti yangu anapewa jina la mwanamume mwingine

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni fundi wa kuchomelea hapa Morogoro, natengeneza mageti na madirisha, nina miaka 33. Naomba usilitaje jina langu kwa sababu ndugu wa mzazi mwenzangu wanaisoma safu yako, na wateja wangu pia.

Nina binti wa miaka sita, anatimiza saba mwezi wa nne mwakani. Mama yake tulifahamiana alipokuwa anasuka kwenye saluni jirani na karakana yangu. Hatukufunga ndoa. Alipopata mimba kwao walikuja juu, nikatuma wazee, tukalipa faini ya kumpa binti yao mimba. Iliandikwa karatasi, wazee wa pande zote wakasaini na mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri. Posa nilisema nitapeleka mambo yakikaa sawa. Tukapanga chumba na sebule, tukaishi mwaka mmoja na kidogo, mtoto akazaliwa, kadi ya kliniki ikaandikwa jina langu. Baadaye tukashindwana. Sitaki kuanza kusema nani alimkosea nani, ni mambo ya zamani.

Akarudi kwao na mtoto, lakini kuhusu mtoto hatukuwahi kugombana. Nilikuwa namwona nikitaka, sikukuu anakuja kwangu, hela ya matumizi natuma kwa simu kila mwisho wa mwezi. Mwaka jana mwenzangu akapata mwanamume, anafanya biashara ya mchele, wakahamia Tabora. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Nikipiga simu mtoto amelala, nikipiga tena mtoto ameenda dukani.

Mwezi wa sita nikafunga safari. Alikataa nisifike nyumbani, akasema nitamwonea stendi. Tukakaa kwenye mgahawa, mtoto anakula chipsi, na kila akitaka kucheka anaziba mdomo kwa kiganja kwa sababu meno mawili ya mbele yameng'oka. Mama yake alikaa meza ya pili anachezea simu. Katikati ya maongezi mtoto akaniuliza, "Baba, eti jina langu la shule litakuwa la nani?" Nikamgeukia mama yake. Akasema wanafunga ndoa mwezi wa kumi na mbili, na mwenzake anataka watoto wote wa nyumba ile watumie jina moja. Cheti cha kuzaliwa hatukuwahi kukichukua, kwa hiyo kitachukuliwa sasa kabla hajaanza darasa la kwanza, na kitaandikwa jina la huyo bwana. Nikapandisha sauti. Naye akanijibu mbele ya watu, "Kwanza nani alikwambia huyu ni wako? Mahari ulitoa?"

Tangu siku hiyo sijatuma hela. Siwezi kumlisha mtoto ninayenyimwa. Nilimwandikia ujumbe kwamba nitakwenda kumchukua nimpeleke kwa mama yangu Ifakara, hajajibu mpaka leo.

Sasa kila mtu ana lake. Dada zangu wanasema kapime DNA kwanza, usije ukalea wa watu. Mama yangu hataki kusikia, anasema kitanda hakizai haramu, na mtoto ni sura ya marehemu baba. Rafiki yangu mmoja anasema nisihangaike, nisubiri tu afikishe miaka saba kwa sababu akifika saba sheria inampa baba. Mwingine ni kondakta wa basi, anasema yeye anaweza kunisaidia kumleta likizo, na akishafika huku nani atamrudisha?

Mama, nampenda huyu mtoto. Lakini usiku ile kauli inanirudia. Nikienda mahakamani wakaniambia nipime, na majibu yakaja siye, nitakuwa nimepoteza kila kitu. Nisipokwenda, atakua anaitwa binti wa mtu mwingine. Baba ambaye hakuoa ana haki gani katika nchi hii? Nifanyeje?

Baba wa Mmoja, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma, nikairudia. Nilivyoielewa, una maswali matatu na umeyafunga mzigo mmoja: kama mtoto ni wako, alelewe na nani, na aitwe jina la nani. Ukiyabeba pamoja utaona kila njia imeziba, kwa sababu hofu ya swali la kwanza inakuzuia hata kuuliza la tatu, ambalo ndilo lenye haraka. Tuyafungue moja moja. Na mimi sitakupa hukumu, kwa sababu upande wa mama wa mtoto sijausikia.

Nianze na ulilomalizia. Unauliza baba ambaye hakuoa ana haki gani. Kwa Tanzania Bara, sheria inayoongoza hapa ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na inalianza jambo hili kwa mtoto. Kifungu cha 6 kinasema mtoto ana haki ya kuwa na jina, uraia, na kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na ndugu wa ukoo wake, na kwamba mtu asimnyime haki hiyo. Pale hapakuandikwa "mtoto wa ndoa". Mahari haikutajwa. Kwa hiyo lile swali la stendi, mahari ulitoa, ni swali zito kati yako na wazee wa mama wa mtoto, na sitashangaa kama bado wana kinyongo nalo, lakini si hilo litakaloamua kama mtoto ana baba. (Wasomaji wangu wa Zanzibar, ninyi mna sheria yenu ya mwaka 2011, na Waislamu mna Mahakama ya Kadhi. Msichukue haya kama yalivyo.)

Rafiki yako wa miaka saba naye nimweleze, maana kauli hiyo naisikia kila mwaka na imewaponza wengi. Kilichopo ni hiki: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 125, inachukulia kwamba ni vema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, na dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Basi. Hakuna mahali sheria inaposema siku ya kutimiza saba mtoto anahamishiwa kwa baba. Baada ya umri huo mahakama inaendelea kuuliza lilelile, lipi lina maslahi kwa mtoto. Na katika kuliuliza, kifungu cha 39 cha Sheria ya Mtoto kinaitaka iangalie umri na jinsia ya mtoto, maoni yake mwenyewe kama ameyatoa kwa hiari, umuhimu wa kuwa na mama yake, na kutokukatizwa kwa malezi aliyoyazoea. Hilo la mwisho ndilo linalokuhusu zaidi. Ukikaa kimya hadi Aprili ukingoja saba, utakuwa umempa binti yako miezi mingine ya kuizoea Tabora, shule mpya na jina jipya. Kusubiri kwako kutahesabiwa, na hakutahesabiwa upande wako.

Sasa lile linalokunyima usingizi. Mzazi mwenzako alisema, "Nani alikwambia ni wako?" Alisema hivyo mgahawani, mbele ya watu, baada ya wewe kupandisha sauti, akiwa na harusi mbele yake. Sijui alimaanisha nini, na wewe hujui. Inawezekana ni kweli iliyomponyoka. Inawezekana pia alichukua jiwe lililokuwa karibu na mkono. Lakini angalia alichofanya kabla ya siku ile: wazee wake walikaa na wazee wako wakapokea faini kwa mimba hiyohiyo, na yeye alipokea fedha za matunzo kwa miaka. Binti yako bado anakuita baba mbele yake, hakumkataza.

Haya siyasemi kukupoza moyo tu. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Mtoto kinataja mambo ambayo mahakama huyatazama inapoombwa kutamka nani ni mzazi: ndoa halali, jina la mzazi katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila iliyofanywa na baba, kukataa kupimwa, kumkubali mtoto hadharani, na majibu ya vinasaba. Ni orodha, na DNA ni kitu kimoja ndani yake. Wewe una ile karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti, una miaka ya kumtambua mtoto mbele ya mtaa mzima, una ujumbe wa simu wa kila fedha uliyotuma. Kadi ya kliniki inasaidia, ila usidhani ni sawa na daftari la vizazi la RITA, wakala wa serikali wa usajili, siyo. Kama mama wa mtoto hatabisha mbele ya hakimu, huenda hakuna atakayekutaka ufungue mdomo kusuguliwa pamba shavuni.

Kama atabisha, ndiyo, mahakama ina uwezo wa kuagiza kipimo. Na hapa lazima niwe mkweli kwako kuliko dada zako na mama yako. Dada zako wanaona DNA ni kinga. Mama yako anaona ni tusi. Wote wawili wanazungumzia kipimo kana kwamba kikishatoka maisha yanasimama palepale. Hayasimami. Majibu yakija kwamba ni wako, umepata ushahidi mzito kuliko wote, lakini bado swali la alelewe wapi liko palepale, kwa sababu kuwa baba wa damu hakumhamishi mtoto Tabora kuja Morogoro. Majibu yakija kwamba si wako, wajibu wako wa matunzo kisheria unaanguka, na nguvu yako ya kuomba kumwona inaanguka nao, au inabaki kidogo sana. Na utabaki na mtoto wa miaka sita ambaye hana baba mwingine anayemjua zaidi yako, akisubiri simu yako.

Kabla hujapima, basi, kaa na swali hili, na usilijibu haraka: majibu yakiwa "siye", utataka kuwa nani kwake? Wapo wanaume waliojua na wakaendelea kulea, kwa makubaliano na mama. Wapo walioondoka na kupumua. Sitamlaumu hata mmoja. Ninachokuogopea ni kupima kwa sababu ya hasira ya stendi kisha uyapokee majibu mikono mitupu. Pia ondoa mawazo ya kumkata mtoto nywele kimyakimya siku ukionana naye. Kipimo kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kinaongozwa na sheria ya vinasaba ya 2009, na maombi hupita kwenye mamlaka kama mahakama au ustawi wa jamii. Hawapokei sampuli iliyotoka mfukoni.

Nina neno kuhusu hela. Umeandika, "Siwezi kumlisha mtoto ninayenyimwa." Naelewa uchungu wake. Lakini anayekunyima ni mama, na anayekula ni mtoto. Kisheria haya ni mambo mawili yasiyonunuana: wajibu wa kutunza haufutwi na kunyimwa kumwona, na yeye naye hana ruhusa ya kukuficha mtoto kwa sababu hujatuma. Na fikiria siku mtakapokaa mbele ya hakimu. Umesimama na miaka ya ujumbe wa malipo ulionyooka, kisha unakatika mwezi wa sita. Wakili wake atauliza hapohapo. Hata kama hutaki kumtumia yeye mkononi, unaweza kulipa ada au sare moja kwa moja shuleni na kutunza risiti, au kumwomba afisa ustawi wa jamii awe shahidi wa kiasi mnachokubaliana.

Na ule ujumbe wa Ifakara? Jaribu kuusoma ukiwa yeye. Mwanamke yuko mbali na kwao, anaingia kwenye ndoa mpya, na baba wa mtoto anaandika kwamba atakuja kumchukua ampeleke kwa bibi yake. Mimi ningeanza kusema mtoto amelala. Huenda simu zilizopotea kabla ya hapo zilikuwa na sababu nyingine, lakini kimya cha sasa nadhani umekichangia. Tena jiulize, ukimpata mtoto kesho, nani atakuwa nyumbani akitoka shule saa nane wakati wewe uko karakanani hadi jioni? Kama jibu ni "mama yangu", basi unachoomba ni mtoto aondolewe kwa mama yake akalelewe na bibi yake, na hakimu atakiona hivyo. Labda unachotaka hasa si malezi ya kila siku. Labda ni likizo, simu isiyopokonywa, ripoti ya shule, na jina. Sheria ina mlango wa hayo: kifungu cha 37 ni cha kuomba malezi, na cha 38 ni cha kuomba kumwona mtoto kwa vipindi. Wengi hubisha hodi mlango wa kwanza kwa hasira, kumbe haja yao iko wa pili.

Rafiki yako kondakta mshukuru, umkatalie. Kifungu cha 40 kinakataza kumwondoa mtoto isivyo halali kwa mtu anayemlea kihalali. Ukifanya hivyo utampa mzazi mwenzako kesi ambayo leo hana, na binti yako atajifunza kwamba kuja kwa baba ni safari isiyo na kurudi. Hapo atakuogopa yeye mwenyewe bila kufundishwa na mtu.

Njia zinazobaki ni mbili, na zinaweza kufuatana. Ya kwanza ni mazungumzo yenye shahidi. Wale wazee waliosaini karatasi ya faini bado wako hai? Watumie, lakini wasiende kudai mtoto, waende kuuliza habari yake. Sambamba na hapo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, akuunganishe na mwenzake wa kule mtoto aliko. Wao huwaita wazazi, hukaa nao, na mnaweza kuandikishana kuhusu matunzo, likizo na simu. Ubaya wa njia hii nikwambie: mmoja akigeuka, karatasi hiyo peke yake haina meno mpaka mahakama iikubali. Uzuri wake ni kwamba mtoto hahojiwi na mtu, na mwanamume wa mwenzako hajatangaziwa vita. Huyo naye usimsahau. Umemtaja kama mwizi wa jina, lakini ndiye anayemwona binti yako kila asubuhi, na sioni mahali ulipoandika kwamba amemtendea vibaya. Pengine hata haijui ile karatasi ya wazee.

Ya pili ni Mahakama ya Watoto. Unaweza kuomba mahakama itamke uzazi na pia uruhusiwe kumwona mtoto, na ombi la uzazi hupelekwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18, kwa hiyo mlango haufungwi mwaka huu. Kesi husikilizwa faragha, watu wa mtaani hawaingii, na afisa ustawi huagizwa kuchunguza mazingira ya pande zote mbili, yako yakiwemo. Hatari zake unazijua: nauli za Tabora, siku za kazi zinazopotea, uhasama, na uwezekano wa kipimo. Wakili ukishindwa kumlipa, sheria ya msaada wa kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria katika jamii, na watoa huduma hiyo wapo wanaosikiliza hata wanaume. Nasema hivyo kwa sababu najua wengi wenu hudhani milango ile imeandikwa "wanawake tu".

Kuna mtu atakwambia mahakama daima humpa mama. Sivyo. Ila nayo haikupi wewe kwa sababu ni baba, wala kwa sababu una jiko la gesi na chumba kilichopakwa rangi. Watakaokuuliza watataka kujua jina la mwalimu wake, ugonjwa unaomsumbua, anachokiogopa usiku. Kama majibu unayo, yaandike sasa. Kama huna, utajua pa kuanzia mazungumzo na mama yake.

Uamuzi wa kupima au kutopima ni wako, na wa kwenda mahakamani pia. Vyote hivyo vinaweza kungoja mwezi au miwili huku ukifikiri. Kisichongoja ni jina. Harusi ni Disemba na shule inafunguliwa Januari, kwa hiyo cheti kinaweza kuandikwa wakati wowote kuanzia sasa, na kurekebisha daftari la vizazi baadaye ni kazi ndefu kuliko kuwahi. Kutoa taarifa isiyo ya kweli kwa msajili ni kosa, na huenda mzazi mwenzako hajui hilo. Ajulishwe na afisa ustawi kwa utaratibu, asilisikie kwako kama tishio lingine. Wiki hii toa nakala za ile karatasi na kadi ya kliniki, chapisha taarifa za miamala kutoka kwenye simu yako, nenda nazo ustawi wa jamii na ueleze kwamba cheti bado hakijachukuliwa. Karatasi zenyewe zibaki kwako, usimwachie mtu.